Muuzaji Aseme Nini?

Fundi hakuanza kwa kufungua boneti. Alianza kwa kuweka kiganja chake juu yake, akakaa hivyo kwa muda, kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Mwalimu, halijawashwa leo?"

"Tangu jana mchana halijaguswa."

"Vizuri. Gari lililopashwa moto halisemi kweli."

Ilikuwa asubuhi ya Julai mwaka 2019, hapa Njombe, na wenye kuijua Njombe ya Julai wanajua baridi ninayoisema. Land Rover yangu, ile ndefu ya inchi 109, Series III, ya petroli yenye silinda nne, ilikuwa imelala usiku kucha chini ya mkaratusi. Niliinunua mwaka 1994 katika mnada wa magari chakavu ya serikali, nami niliitumia miaka 25. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971 na ikakoma mwaka 1985, hivyo gari langu lilikuwa tayari mzee wakati naliita jipya. Sasa macho yangu yalikuwa yamepungua nguvu, na wanangu walikuwa wamenikataza kuendesha usiku, kisha wakanikataza kuendesha kabisa. Nikaamua kuliuza. Nilimwita fundi alipime kwanza, nijue ninauza nini.

Naandika habari hii kwa sababu ya swali lililoniamkia siku ile na ambalo sijalilaza mpaka leo: mtu anayeuza kitu chake kilichochakaa anawajibika kusema nini, na anawajibika kujua nini? Ni maswali mawili, ingawa zamani nilidhani ni moja.

Nieleze kwanza namna gari linavyopimwa, maana humo ndimo swali lilimozaliwa.

Mita ya maili katika gari langu ilikufa mwaka 2003. Haikuwa hasara kubwa. Mita husema gari limekwenda umbali gani, haisemi limekwendaje, na wala si vigumu kuirudisha nyuma. Uchakavu wenyewe ndio unaosema. Injini baridi ikiwashwa, sikiliza sekunde za mwanzo, kabla oili haijapanda. Yangu iligonga kidogo, ikatoa moshi wa bluu kiasi cha pumzi mbili, kisha ikatulia. Fundi akasema huo ni wa gaidi za valvu: usiku oili huteremka polepole kwenye shina la valvu, asubuhi inaungua. Moshi mweupe unaotoweka hewani ni mvuke tu. Ule unaoendelea kutoka hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ndio wa kuogopa. Moshi mweusi ni petroli nyingi, na hilo ni jambo la kabureta.

Tukatoka nalo barabarani. Kwenye mteremko akaachia mafuta, gari likashuka likishikiliwa na gia, kisha chini akakanyaga. Nyuma pakatoka wingu la bluu. "Valvu zilezile," akasema. Tulipopanda mlima, injini ikivuta kwa nguvu, moshi wa bluu uliendelea kututoka. "Na huu sasa ni wa ringi." Nilikuwa nimeendesha gari lile robo karne na sikuwahi kujua kwamba moshi wa mteremko na moshi wa mlima ni mashahidi wawili wanaoshuhudia mambo tofauti.

Tuliporudi, injini ikiwa ya moto, alifungua kifuniko cha kujazia oili akaweka mkono. Pumzi ya moshi ikampiga kiganjani: moto wa juu ulikuwa unapenya pembeni mwa pistoni na kushuka tumboni mwa injini. Kisha alifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wake. Tatu zilikuwa za rangi ya biskuti. Ya tatu ilikuwa nyeusi na imelowa oili.

Hapo ndipo alipotoa kipimo cha mgandamizo. Alichomoa waya wa koili, mimi nikaketi ndani nikakanyaga mafuta mpaka chini ili hewa iingie bila kizuizi, nikapiga stata. Alinisomea namba kwa sauti nami nikaziandika katika daftari: silinda ya kwanza pauni 140 kwa inchi ya mraba, ya pili 135, ya tatu 95, ya nne 135.

Mimi ningeishia hapo. Silinda ya tatu ni mbovu, basi. Fundi hakuishia hapo. Alichukua kijiko cha chakula, akakijaza oili safi, akakimimina katika tundu la plagi la silinda ya tatu, akaniambia nipige stata tena. Namba ikapanda mpaka 130.

"Umeona, Mwalimu? Oili imeziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda. Ingekuwa ni valvu inayovuja, au gasketi, kijiko kisingesaidia kitu, namba ingebaki palepale. Sasa tunajua ni ringi."

Naomba msomaji akikumbuke kijiko hicho.

Sehemu ya chini ya gari ilimchukua muda zaidi. Kwa miaka mingi Land Rover ile ilikuwa ikitoa mlio wa "ko!" kila ninapoachia klachi, nami niliuzoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha babu. Alizuia magurudumu kwa mawe, akaingia chini, akaanza kuzungusha propela shafti kwa mkono, mbele na nyuma, kiungo baada ya kiungo. Nilimwuliza ni wapi palipoharibika. Akacheka. Hapakuwa na mahali palipoharibika. Jointi za propela zilikuwa na ulegevu kidogo, meno ya difu kidogo, hafu shafti kidogo mahali inapoingia kwenye habu, giaboksi kidogo. Hakuna kimoja ambacho ungekitoa na kusema hiki ndicho kikongwe. Lakini vikijumlishwa, propela ilizunguka sehemu nzuri ya duara kabla gurudumu halijajua kwamba limeitwa.

Alimwaga pia oili ya giaboksi katika sahani nyeupe ya bati. Juani iling'ara kama iliyonyunyiziwa vumbi la dhahabu. Ile ilikuwa shaba ya zile ringi zinazosaidia gia kuingia bila kelele. Kwenye sumaku pakakwama chuma laini kama unyoya, jambo la kawaida kwa umri ule, lakini pia vipande viwili vyenye pembe, na hivyo si vya kawaida. Hii ndiyo sababu gia ya tatu ilikuwa ikiruka yenyewe kwenye mteremko. Mwisho, injini ikiwa imechemka vizuri, aliiacha ingurume polepole. Taa ya oili ikawa inapepesa. Alipoongeza mafuta kwa ghafla, chini kabisa kulisikika mgongo mzito. Akachomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine, na alipochomoa wa tatu, mgongo ukapungua. Pistoni iliyolegea hugonga ikiwa baridi na kunyamaza ikipata moto, alinieleza, lakini beringi ya konrodi hufanya kinyume, kwa sababu oili ikipata moto inakuwa nyepesi na haizibi tena pengo.

Kufika saa sita mchana nilikuwa na ukurasa mzima wa daftari.

Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akakubali chai, kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayemsaidia mzee asiyejua dunia:

"Mwalimu, usihofu. Tutaweka oili nzito ya injini, taa haitapepesa na ule mgongo utanyamaza. Kwenye difu kuna mafundi wa zamani walioweka unga wa mbao, mimi sifanyi hivyo, grisi inatosha. Siku mteja anapokuja, uliwashe mapema lipate moto. Atalipenda."

Ndugu msomaji, usimhukumu haraka. Mtu huyu hakuwa mwizi. Alikuwa fundi mwaminifu aliyenipimia gari langu kwa saa tano na kunitoza kidogo kwa sababu niliwahi kumfundisha hesabu darasa la tano. Hakunishauri niseme uongo hata neno moja. Alinishauri ninyamaze, na kwamba gari nalo linyamaze.

Je, kunyamaza ni uongo? Swali hili ni la kale kuliko gari lolote. Cicero, yule Mrumi, katika kitabu chake juu ya wajibu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mfano wa mfanyabiashara anayepeleka nafaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Anajua kwamba nyuma yake zinakuja meli nyingine zimejaa nafaka. Awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Anatoa pia mfano wa nyumba yenye kasoro asizozijua mtu ila mwenyewe anayeiuza. Anawaleta wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamlazimisha kuzitaja, asitumie hila, na yaliyobaki ni yake. Kutosema si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, anasema lazima aseme yote, kwa kuwa amezaliwa awafae wanadamu wenzake. Cicero anakubaliana na Antipater.

Sheria yetu ya Mauziano ya Bidhaa, ambayo mizizi yake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, inaelekea zaidi kwa Diogenes inapohusu kitu kikuukuu kinachouzwa na mtu binafsi: mnunuzi ajihadhari, aje na macho yake na fundi wake. Kwa upande mwingine, mwalimu mwenzangu Mwislamu alinisimulia zamani habari ya Mtume Muhammad kupita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye nafaka akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wapate kuiona. Naipenda habari hiyo kwa sababu mtu yule hakuwa amelowesha nafaka yake. Mvua ndiyo iliyoilowesha. Wala si mimi niliyekula ringi za silinda ya tatu, ni barabara za vumbi na miaka.

Kwa hiyo upande wa gari, nilivyoona na ninavyoona, jambo si gumu. Oili nzito ni ulimi unaosema uongo kwa niaba ya mwenye gari. Nilimkatalia fundi, akainua mabega, akaenda zake.

Lakini usiku ule sikulala, na sababu haikuwa gari.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, sitaitaja. Nilikuwa na mwalimu mmoja aliyeanza kunywa pombe. Mwanzoni Jumatatu tu, kisha siku nyingine pia. Darasani wanafunzi walimcheka. Walimwuliza hiki akawajibu kile. Nilimwita ofisini mara mbili nikamgombeza. Alinitazama usoni kwa makini sana nilipokuwa nikisema, nami nikauchukulia ule mtazamo kuwa ni ufidhuli. Shule ya jirani ilipohitaji mwalimu wa darasa la saba, niliombwa maelezo juu yake. Niliandika kwamba ana uzoefu wa miaka mingi, anajua masomo yake, hana ugomvi na walimu wenzake. Kila neno lilikuwa la kweli. Akahamishwa, nami nikashukuru Mungu.

Miezi kumi baadaye nilikutana na mkuu wa shule ile kwenye semina. Hakunisalimia kama kawaida. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu mwenzangu, ulijua?" Nami nikamjibu: "Hukuniuliza." Watoto wa darasa la saba la mwaka ule walikuwa wamekwisha kufanya mtihani wao, na katika shule ile hakufaulu hata mmoja kwenda sekondari. Sitasema yote yalitokana na yeye. Kufaulu zama zile kulikuwa kugumu kwa kila shule. Lakini jibu langu lile, "Hukuniuliza", ndilo jibu la Diogenes, na nililitoa kabla sijawahi kusikia jina la Diogenes.

Kuna atakayesema mifano hii miwili haifanani, na ninakubaliana naye nusu. Gari halioni haya. Ukiandika kwamba silinda ya tatu ina pauni 95, silinda haishushiwi cheo. Ukiandika kwamba mwalimu fulani anakunywa, karatasi ile itamfuata maisha yake yote, hata kama ataacha pombe kesho, kwa maana mafaili yetu hayajui kusamehe. Kuna kunyamaza kwa huruma, na kama ningekuwa nimenyamaza kwa huruma ningejitetea leo. Lakini mimi nilinyamaza ili aondoke. Oili nzito niliyomimina katika barua ile haikuwa kwa faida yake, ilikuwa kwa faida yangu. Na gharama yake walilipa watoto ambao sikuwajua hata majina.

Hilo nilikuwa nimekwisha kulikiri moyoni miaka mingi. Jipya lililonipata usiku ule wa Julai lilikuwa kijiko.

Mwalimu yule alifariki mwaka 1996. Nilikwenda mazikoni. Dada yake, mama mtu mzima, alinishika mkono akanishukuru kwa kuja, kisha akaniambia, akidhani nilijua, kwamba kaka yake alianza kupoteza usikivu akiwa bado kwenye shule yangu. Sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia. Aliona aibu kusema, akiogopa kufukuzwa kazi. Watoto walimcheka kwa sababu alikuwa akijibu maswali ambayo hawakuyauliza. Akitoka hapo anakwenda kilabuni, ambako kelele ni nyingi na hakuna anayemsikia mwenzake, hivyo wote wako sawa.

Nilikuwa nimeona moshi nikasema ni injini mbovu. Sikuuliza kama ni moshi wa mlima au wa mteremko. Nilijiona hodari wa kuwapima watu. Nilifundishwa chuoni namna ya kumchunguza mtoto asiyeona vizuri ubaoni na asiyesikia vizuri nyuma ya darasa, na mara nyingi niliwahamishia watoto wa namna hiyo dawati la mbele. Mwalimu mzima sikumpima. Kwa hiyo hata kama mwaka 1988 ningekuwa mwaminifu wa kiwango cha Antipater na kuandika yote niliyoyajua, ningeandika "anakunywa", na lingekuwa jambo la kweli lililosema vibaya. Wajibu wa kusema hautoshi kama hukutimiza kwanza wajibu wa kujua. Na kujua nako hakuna mpaka ulio wazi: sikumruhusu fundi aifungue injini yote, kwa kuwa gharama ingezidi bei ya gari. Tulisimama kwenye kijiko. Nafikiri muuzaji wa kawaida anaweza kusimama hapo kwa haki, mradi aseme alisimama wapi.

Mteja alikuja baada ya wiki tatu, kijana mwenye adabu, mtoto wa ndugu ya jirani yangu, anayetaka gari la kutoa viazi shambani mpaka barabara kuu. Nilikuwa nimetaja shilingi milioni 9. Gari lilikuwa baridi, nilihakikisha. Nikamkaribisha kiti, nikafungua daftari, nikamsomea ukurasa mzima: moshi, namba za silinda, jointi, gia ya tatu, taa ya oili, vipande viwili vya chuma. Nikamwambia kwamba injini haikufunguliwa, na kwamba kwa hali ile naona bei ya haki ni milioni 6.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa heshima: "Mzee, na lile ambalo hukuliandika?"

Nikamwambia hakuna. Aliniangalia, akaliangalia gari, akasema atakwenda kushauriana na kaka yake. Hakurudi. Baadaye nilimwona akipita na gari jingine alilolinunua Makambako. Lilikuwa kimya kabisa. Mke wangu aliniambia ningesema la silinda tu, mengine angeyaona mwenyewe njiani. Fundi hakusema kitu, alicheka tu. Nami nakiri kwamba nilikasirika, si kwa ajili ya fedha, bali kwa ajili ya swali lile la kijana, ambalo kwa mtu aliyezoea kudanganywa lilikuwa swali la busara.

Gari liliondoka mwaka uliofuata kwa shilingi milioni 5 na nusu, kwa mtu aliyetaka chasisi na bodi, akaweka injini ya dizeli. Hakutaka kusikia habari za silinda.

Daftari ninalo. Ukurasa unaofuata ule wa gari nimeandika jina la mwalimu yule na mwaka 1988. Chini yake nimeandika kipimo ambacho kingenichukua dakika moja: simama nyuma yake akiwa anasahihisha madaftari, mwite kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida.